Lusanga: Jumba la sanaa lashitakiwa, lakini sanamu ya Balot ilikuja kwa kuazimwa

Huko Lusanga, jimbo la Kwilu, wafanyakazi wa mashamba ya mawese wameshitaki jumba. Mshitakiwa ni White Cube, jengo jeupe la maonyesho ya sanaa lililofunguliwa mwaka wa 2017 kwa ushirikiano na msanii wa Uholandi, Renzo Martens. Kesi hiyo ya maigizo ilitengenezwa kuwa filamu, na mwaka wa 2024 ikaonyeshwa huko Venice, Italia, katika jengo la Uholandi kwenye Biennale, moja ya maonyesho makubwa ya sanaa duniani.

Walioiandaa ni wanachama wa CATPC, chama kilichoundwa mwaka wa 2014 pamoja na mtetezi wa misitu René Ngongo, anayejulikana Kisangani kwa shirika lake OCEAN. Wanachama wanafinyanga sanamu kwa udongo, nakala zake zinatengenezwa Ulaya kwa chokoleti, kisha zinauzwa.

Shitaka lenyewe si mchezo. Zamani Lusanga iliitwa Leverville, kwa jina la Mwingereza William Lever, ambaye Ubelgiji ilimpa mwaka wa 1911 haki ya kuvuna mawese Kongo. Watu walikata ngazi kwa shuruti. Kampuni yake ikawa sehemu ya Unilever, ambayo tangu 2000 hadi 2012 ilidhamini maonyesho ya jumba la Tate Modern, London. Mali ya mashamba ilipendezesha miji ya mbali, na waliotoa jasho wakabaki bila ardhi.

Katikati ya kesi hii kuna sanamu moja. Mwaka wa 1931 Wapende waliasi, wakamuua afisa wa Kibelgiji Maximilien Balot. Jeshi la mkoloni lilijibu kwa kuua mamia ya watu. Wapende walichonga sanamu ya Balot ili roho yake ishikwe na iwatumikie. Leo ni mali ya makumbusho ya Virginia, Marekani.

Mwaka wa 2022 CATPC ilitumia picha ya sanamu hiyo kutengeneza na kuuza nakala za dijitali kwenye intaneti, bila ruhusa. Makumbusho ilikasirika. Miaka miwili baadaye ilikubali sanamu ifike Lusanga, lakini kwa kuazimwa tu, kwa kipindi cha Biennale.

Neno hilo Wakongomani wanalijua. Mwezi wa sita 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku: nacho kiliazimwa, ingawa bila kikomo cha muda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Anayeazima anakubali kwamba mwenye mali ni mwingine.

Hapo ndipo nguvu ya maigizo inapofikia mpaka wake. Ulimwengu wa sanaa unapenda kukaribisha wanaoulaumu: unawapa ukumbi, unawapigia makofi, na funguo za ghala zinabaki kwake. Hata sauti ya Lusanga ilipita kwa msanii mzungu na jengo la inchi ya Ulaya ili isikike Venice.

Lakini CATPC ina jibu ambalo makofi hayawezi kulimeza. Kwa pesa za sanamu za chokoleti imenunua upya zaidi ya hekta 200 za ardhi, na inapanda humo miti na chakula. Ardhi hiyo haikuazimwa. Sanamu ya Balot bado inangoja hukumu kama hiyo.