Ngano ikikukataa, rudi kwenye chungu

Mpenzi msomaji, hebu hesabu vyakula vya ngano ambavyo familia yako hula kwa siku moja. Asubuhi ni mkate au mandazi. Saa nne shuleni ni biskuti. Mchana ni chapati kwa maharagwe kibandani. Jioni, kwa kuwa umechoka na msongamano wa magari umekuchelewesha, ni tambi au chapati zilizonunuliwa njiani. Ngano imetutawala sisi watu wa mjini kwa sababu moja kuu: huliwa haraka. Ndiyo maana daktari anapomwambia mzazi kwamba mwanawe asionje tena ngano maisha yake yote, mzazi huyo hutoka hospitalini kana kwamba amehukumiwa kifungo.

Kwa maoni yangu, hukumu hiyo si nzito jinsi inavyodhaniwa. Chakula kinachomfaa mtoto huyo kimejaa Marikiti jijini Nairobi, Kongowea kule Mombasa na Kibuye mjini Kisumu. Kinachokosekana ni muda wa kukipika. Nao muda huo unaweza kupatikana tukijifunza upya jambo ambalo nyanya zetu walilijua vyema, yaani kupika polepole huku ukiendelea na kazi nyingine.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa watu wengi protini hii haina madhara yoyote. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika vita hivyo huharibu ukuta wa utumbo mdogo, mahali ambapo chakula hufyonzwa na kuingia mwilini. Matokeo yake ni kwamba mtu hula akashiba, lakini mwili ukabaki na njaa.

Dalili zake ni rahisi kudhaniwa kuwa za maradhi mengine: kuharisha mara kwa mara, tumbo kufura, uchovu, upungufu wa damu usiopona kwa dawa, na mtoto kutoongeza kimo wala uzani. Wengine hawaharishi kabisa, bali hupata vidonda vya mdomoni au mifupa dhaifu. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja hivi katika kila watu 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui.

Uhusiano wake na ngano ulielezwa na daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke, aliyechapisha tasnifu yake mwaka wa 1950. Wakati wa njaa kuu iliyoikumba Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate uliadimika, na ilionekana kwamba watoto wenye maradhi haya walipata nafuu. Mkate uliporejea, ugonjwa nao ukarejea. Hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni chakula.

Hapa kuna makundi mawili ambayo sikubaliani nayo. La kwanza ni la wale wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba chapati moja siku ya Krismasi haiwezi kumdhuru mtoto. Kwa mwenye siliaki, hata makombo yanatosha kuuchokoza utumbo. La pili ni la wale walioacha ngano kwa sababu ni mtindo, wakiamini kwamba kila kuumwa na tumbo ni gluteni. Ukiacha ngano kabla ya kupimwa, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa ilhali unao, kwa kuwa chembe zinazotafutwa katika damu hupungua mtu anapoacha kula gluteni. Kwa hivyo nenda ukapimwe kwanza ukiwa bado unakula kama kawaida, kisha ufuate utakaloambiwa na daktari.

KINACHOFAA NA KINACHODANGANYA

Habari njema ni kwamba mahindi, mchele, mtama, wimbi, mawele, mihogo, viazi, nduma, ndizi, maharagwe, ndengu, mbaazi, kunde, nyama, samaki, mayai, maziwa na mboga zote hazina gluteni. Ugali hauna. Githeri haina. Matoke hayana. Mwambao nao una mkate wa kumimina na vitumbua vya mchele, mradi mpishi hajaongeza unga wa ngano ili vishikane. Uliza kabla ya kununua.

Hatari iko katika vitu vinavyojificha. Soseji nyingi hutiwa unga wa mkate. Sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano. Baadhi ya poda za kukolezea mchuzi zina unga wa ngano. Viazi karai huvikwa unga wa ngano. Bhajia za unga wa dengu ni salama, lakini si zikikaangwa katika mafuta yaliyotumiwa kwa mandazi. Kimea cha wimbi au mtama hakina neno, ila kimea cha shayiri kina gluteni, na ndicho kitumiwacho katika bia nyingi. Unga wa uji uliochanganywa nafaka saba au nane usiununue kabla ya kusoma orodha iliyoandikwa kwenye pakiti. Hata wimbi lako safi linaweza kuchafuliwa kwenye kinu cha kusagia ikiwa aliyekutangulia amesaga ngano. Mwombe mwenye kinu asage lako asubuhi baada ya kusafisha mashine, au ununue pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni.

Kuna wanaokimbilia maduka makubwa kununua mikate na biskuti maalumu kutoka ng'ambo. Anayeweza kulipia, na alipie. Lakini familia ya kawaida ikianza njia hiyo, mwezi wa pili itashindwa, na mtoto atarudishiwa chapati kimyakimya. Afadhali chungu kimoja ambacho nyumba nzima itakula, kuliko sahani ya mgonjwa inayotengwa kando kama adhabu.

KIKAPU KINACHOPIKA

Sasa tuje kwenye suala la muda. Wenye uwezo hununua jiko la umeme la kupikia polepole, ambalo huachwa likipika kwa saa nyingi bila kutazamwa. Asiye nalo ana kikapu. Chukua kikapu kikubwa chenye kifuniko, ukitandike blanketi kuukuu, pamba au vitambaa vingi pande zote, na utengeneze mto mnene wa kufunika juu. Chemsha chakula kwenye jiko hadi kitokote sawasawa, kisha ukitie kikapuni na sufuria yake ikiwa imefunikwa, na ukizibe kabisa. Joto lililomo ndani halina pa kutokea, kwa hivyo chakula huendelea kuiva bila gesi wala makaa. Hakiungui, na wala huhitaji kukikoroga.

Hata hivyo, zingatia masharti matatu. Kwanza, sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa upesi. Pili, usifunue kuchungulia. Tatu, usikiache humo kutwa nzima. Viini vya magonjwa hukua chakula kinapokuwa vuguvugu. Muda wa saa tatu au nne unatosha, na ukikifunua kiwe bado kinatoa mvuke mwingi. Kichemshe tena kabla ya kupakua. Ukikikuta vuguvugu baada ya saa nyingi, usimpe mtu. Anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni asitegemee kikapu siku ya kazi, ila kama kuna mtu nyumbani wa kukifunua. Kikapu kimfae Jumamosi na Jumapili, apike vyungu viwili, kisha agawe katika vyombo vidogo na kuhifadhi kwenye friji vya kuliwa siku mbili tatu.

Vyakula vifuatavyo ni rahisi na vinawatosha watu watano au sita:

Githeri. Loweka vikombe viwili vya mahindi na viwili vya maharagwe usiku kucha. Mwaga maji hayo, tia mapya, uchemshe kwa nguvu kwa muda wa dakika 40, kisha utie kikapuni kwa saa nne. Ukitoa, chemsha tena hadi mahindi yalainike, uunge kwa kitunguu, nyanya, karoti na sukumawiki. Ukipata muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, itaiva mapema zaidi.

Ndengu za nazi. Loweka vikombe vitatu vya ndengu kwa muda wa saa chache, chemsha kwa dakika 15, utie kikapuni kwa saa mbili. Ziunge kwa kitunguu, tangawizi, bizari na tui. Zile kwa wali au ugali wa mtama.

Nyama ya mifupa na matoke. Kaanga kitunguu na nyama, tia nyanya, chumvi na maji ya kutosha, uchemshe kwa nusu saa. Ongeza ndizi na viazi, chemsha tena dakika 10, kisha kikapuni kwa saa tatu. Mchuzi utakuwa mzito wenyewe kwa wanga wa ndizi, bila kijiko hata kimoja cha unga wa ngano.

Kwa kiamshakinywa, chemsha nduma au viazi vitamu usiku, uvipashe moto asubuhi kwa uji wa wimbi. Wimbi lina kalsiamu nyingi kupita nafaka nyingine tulizozoea, na mtoto ambaye utumbo wake umekuwa haufyonzi chakula anaihitaji sana kwa mifupa yake.

TAHADHARI ZA LAZIMA

Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu aliyekula machache tu ambayo hayajaiva. Sumu hiyo huondolewa kwa kuchemsha kwa nguvu, kwa muda usiopungua dakika 10, na nusu saa ni bora zaidi. Jiko la umeme la polepole huenda lisifikie joto hilo. Kwa hivyo hata mwenye jiko la umeme ni lazima achemshe maharagwe kwenye jiko la kawaida kwanza. Vivyo hivyo mihogo: imenywe na kupikwa hadi iive kabisa, na mihogo michungu isipikwe kama mitamu.

Usiiegemee nafaka moja. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki katika eneo la Mashariki mwa nchi yetu kutokana na sumu kuvu iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Nyumba iliyoacha ngano na kula mahindi mara tatu kwa siku inajiongezea hatari. Badilisha: leo mahindi, kesho mchele, keshokutwa mtama au viazi. Nunua mahindi makavu, na uyatupe yaliyoota ukungu. Isitoshe, unga wa pakiti wa ngano na wa mahindi huongezwa madini ya chuma na vitamini kwa mujibu wa sheria, ilhali ule wa kusagiwa mtaani hauongezwi. Basi mboga za majani, maharagwe na nyama visikosekane.

NI KAZI YA NYUMBA NZIMA

Mara nyingi mzigo huu hutupiwa mama peke yake. Hilo ni kosa. Baba anayerudi na mkate kwapani na kuukata juu ya ubao uleule wa mboga anaweza kuiharibu kazi ya wiki nzima. Msaidizi wa nyumbani aelezwe kwa upole ni kwa nini mwiko wa chapati usitiwe katika sufuria ya mtoto. Mwalimu wa darasa aandikiwe barua yenye maneno ya daktari. Nyanya kijijini aambiwe mapema, kabla hajakanda unga wa kuwakaribishia wajukuu, kwamba nduma zake ndizo zawadi kubwa zaidi.

Mtoto naye asifichwe. Mwenye miaka saba anaweza kufundishwa kuuliza, “Hiki kina ngano?” Akizoea kuuliza akiwa mdogo, hataona haya akiwa kijana miongoni mwa wenzake.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Jumamosi hii loweka maharagwe, tafuta kikapu na blanketi kuukuu, ujaribu chungu kimoja. Na ikiwa kuna mtu nyumbani mwako ambaye tumbo lake halitulii, damu yake haiongezeki au kimo chake kimekwama, mpeleke apimwe kabla hujaondoa chochote mezani.