Makindu haihitaji plaza mpya, inahitaji makubaliano

Kama umewahi kupanda basi la Nairobi kwenda Mombasa, labda ulipita Makindu ukiwa umelala. Ama uliamka dakika kumi, ukaenda choo, ukanunua soda na kurudi kitini. Kwako mji huu ni choo na soda, na sikulaumu. Lakini leo shuka nami kidogo, kwa sababu yanayoukabili mji huu yanakuhusu hata kama unaishi Pipeline, Kisauni ama Kalundu kule Kitui.

Makindu ni mtoto wa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na njiani miji ikakua: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Sultan Hamud hata jina ilipewa la Sultani wa Zanzibar wa wakati huo, Hamoud bin Mohammed. Wahindi waliofanya kazi ya reli waliacha alama pia. Hekalu la Singasinga la Makindu lilijengwa mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote, awe wa dini gani, anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anakula bure.

Susu yangu alilea watoto wake kwa ndizi alizouzia abiria kupitia madirisha ya treni. Treni ikisimama, beseni linainuliwa kichwani, na mbio zinaanza. Biashara hiyo haipo tena. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani ilisimamishwa na Madaraka Express ikaanza. Treni mpya ya vituo vingi inasimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu haina kituo. Tukabaki na barabara tu.

Sasa hata barabara yenyewe si ya kutegemea. Kampuni ya Marekani, Everstrong Capital, ilipendekeza barabara ya kulipia kati ya Nairobi na Mombasa, ile inayoitwa Usahihi. Sijui kama wewe unaipenda, na mimi sipingi kufika Mombasa mapema. Lakini barabara ya aina hiyo huwa na njia chache za kutokea. Dereva akishalipa, hatoki kuja kununua chungwa lako. Mji unaoishi kwa watu wanaopita unaweza kufa bila mtu yeyote kuuchukia. Watu wanaacha kupita tu, basi.

Kila suala hili likizungumzwa, kuna mtu husimama na jibu lile lile: tujengewe soko la kisasa, tujengewe plaza. Umeshaona jinsi inavyokwenda. Soko linajengwa mahali wateja hawapiti, utepe unakatwa, kisha akina mama wanarudi kuuzia pale pale kando ya barabara. Wakati huo, katikati ya mji kuna maduka ya zamani yenye veranda na kuta nene, mengine nusu yake ni stoo ya vitu vibovu.

Mimi nasema tuanze na hayo. Najua pia kwa nini hatuanzi, kwa sababu yalinipata.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikakodi chumba katika jengo moja la zamani, nitengeneze simu. Kodi ilikuwa 4,500 kwa mwezi. Nikapaka rangi, nikavuta stima upya, nikaweka kioo. Mwezi wa tano mwenye nyumba akaja, akatazama, akasema chumba kimependeza, kwa hivyo kodi sasa ni 7,000. Nikafungasha. Pesa yangu ilibaki ukutani. Hakuna kijana aliyeona hayo ambaye angegusa brashi ya rangi tena.

Nilichojua baadaye ni kwamba sheria ilikuwa upande wangu. Kenya ina sheria ya mpangaji na mwenye nyumba kwa maduka na mikahawa, Sura ya 301. Kama hamna mkataba wa maandishi, ama mkataba wenu ni wa muda usiozidi miaka mitano, upangaji wako unalindwa. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi ama kukutoa kwa kusema tu. Anapaswa kukupa notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na ukipinga, unaenda kwa Mahakama Maalum ya Kodi za Majengo ya Biashara. Wengi wetu tunadhani bila karatasi hatuna haki. Soma tena: bila karatasi, bado unalindwa.

Lakini kesi hazifufui mji. Makubaliano ndiyo yanaweza. Tupige hesabu. Tuseme chumba ni 5,000 kwa mwezi na kukikarabati ni 60,000. Mpangaji anatoa hizo 60,000, kisha analipa nusu ya kodi, 2,500, kwa miezi 24. Mara 24, ile nusu asiyolipa inafika 60,000 kamili. Baada ya miaka miwili, mwenye nyumba ana chumba kizuri ambacho hakutolea pesa mfukoni, na bado alikuwa akipata kitu kila mwezi kutoka chumba ambacho pengine kingekaa kimefungwa. Mpangaji naye amepata miaka miwili bila hofu. Yote yaandikwe na kutiwa sahihi, pamoja na kodi itakayofuata.

Sasa wakiwa wapangaji sita kwenye veranda moja, wafanye chama. Rangi ya jumla ni rahisi, fundi mmoja anafanya kazi zote, mlinzi mmoja analinda wote. Hapo ndipo mnapoenda kwa kaunti na kitu mkononi: sisi tumetengeneza ndani, nyinyi tengenezeni nje. Mtaro, taa, choo safi.

Makueni ilijipatia sifa kwa kuwashirikisha wananchi kwenye bajeti kuanzia kijijini. Basi tuitumie. Tarehe ziko kwa sheria: mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukija kulia Mei, umechelewa. Kikao chenyewe mara nyingi ni wazee na viti vya plastiki, vijana wako kwa boda. Halafu tunashangaa mtaro wetu haukuandikwa.

Utaniuliza, mteja atatoka wapi kama barabara inatuhama? Fikiria hekalu. Anayekuja pale hapiti tu, amekusudia kufika. Hata barabara ikihamishwa, yeye atakuja. Hatuwezi kushindana na chakula cha bure, na si heshima kujaribu. Lakini tuna wachongaji wa vinyago, tuna kyondo, tuna historia ya reli ambayo hakuna mtu anaisimulia. Na tangu barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo iwekwe lami, asali na ndengu za Kitui hazihitaji kuzunguka Machakos kutufikia. Jirani wa Kitui anaweza kuwa mshirika wa duka moja na mtu wa Makindu.

Tahadhari mbili kutoka pwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Jina kubwa halizibi ufa, ukarabati ndio unaziba. Pili, sehemu kama hizo zikishapendeza, nyumba hugeuka hoteli na wenyeji wakasukumwa pembeni. Ndiyo maana nasisitiza karatasi kabla ya rangi. Tukipamba mtaa bila mikataba, tutakuwa tumewapambia wengine.

Kuna ugumu ambao siwezi kuuficha. Majengo mengine ni ya urithi, mzee alifariki na watoto hawajakubaliana. Hapo usiweke hata msumari, maana hujui unakubaliana na nani. Anza na jengo lenye mwenyewe anayejulikana. Veranda moja inatosha kuanza.

Susu hakuwahi kungoja treni ijengwe upya. Ilipoacha kuja, alihamisha beseni hadi kwa mabasi. Sisi tuna simu, tuna sheria, tuna tarehe za bajeti. Kama unakodi duka mji wowote wa zamani, wiki hii fanya moja tu: muulize mwenye nyumba kama mnaweza kuandikiana. Akikataa, angalau utajua kabla hujanunua rangi.