Kwanza Upande, Ndipo Ununue



Juma lililopita alinijia kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, naye ameficha bahasha chini ya koti lake. Alikuwa na haraka hata akasahau kuniamkia vizuri. Akasema: "Mwalimu, baba ameuza ng'ombe wawili. Nakuomba unisindikize mjini. Nataka kununua pikipiki leo hii, kabla bei haijapanda."

Nikamwuliza: "Umekwisha kuipanda hiyo unayoitaka?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Nimeiona dukani, Mwalimu. Ni nyekundu, ni ndefu, nayo ina nguvu kabisa."

Sikucheka, kwa maana naijua nyumba yao. Miaka miwili iliyopita kaka yake mkubwa alinunua vivyo hivyo, kwa macho tu. Kiti cha pikipiki ile kilikuwa kirefu kuliko miguu yake. Aliposimama, ncha za vidole tu ndizo zilizogusa ardhi. Siku ya nne akampakia mama yake kumpeleka sokoni pamoja na kikapu cha ndizi. Walipokaribia daraja akapunguza mwendo ampishe mtu mwenye mbuzi. Pikipiki ikaegama upande, mguu wake usipate pa kukanyaga, wakaanguka wote wawili. Hawakuwa na mbio hata kidogo. Walikuwa karibu kusimama. Lakini mguu wa mama ulivunjika, na mpaka leo anatembea na fimbo. Pikipiki ikauzwa kwa hasara ili kulipa matibabu.

Basi nikamketisha kijana barazani, nikamsimulia habari za mji mmoja wa Marekani uitwao Daytona Beach, katika jimbo la Florida. Naona yafaa niwasimulie na ninyi, kwa sababu vijana wenye bahasha kama hiyo ni wengi.

Mji ule uko kando ya bahari, na mchanga wake ni mgumu hata magari huweza kupita juu yake. Tarehe 24 Januari 1937 yalifanyika huko mashindano ya pikipiki ya maili 200, yaani kilomita 320 hivi. Njia ilikuwa duara la maili 3.2, upande mmoja juu ya mchanga wa pwani, upande wa pili juu ya barabara. Mshindi alikuwa Ed Kretz, naye aliendesha pikipiki ya Indian. Vita kuu ya pili ilikatiza mashindano hayo tangu mwaka wa 1942. Yakaanza tena mwaka wa 1947. Mwaka wa 1961 yalihamishwa kutoka pwani yakapelekwa katika uwanja mkubwa wa lami uliojengwa karibu. Hata leo, kila mwaka ifikapo mwezi wa Machi, wapenda pikipiki hukusanyika Daytona kwa siku kumi hivi.

Lakini si mashindano niliyotaka kumweleza kijana yule. Nilitaka kumweleza jambo ambalo halipigiwi makofi na mtu. Katika siku hizo viwanda vya pikipiki huleta malori makubwa yaliyojaa pikipiki mpya. Huzishusha, huzipanga mstari chini ya mahema, kisha huwaambia watu: "Karibuni, pandeni, mjaribu." Hakuna malipo, wala mtu halazimishwi kununua.

Je, kila mtu hurukia tu na kwenda zake? Sivyo. Kwanza mtu huonyesha hati yake ya kuendesha pikipiki. Hati ya motokaa peke yake haitoshi. Kisha hutia sahihi karatasi kwamba, akiumia, hatakidai kiwanda. Hutazamwa mavazi yake: viatu vilivyofunika mguu wote, suruali ndefu, na kitu cha kukinga macho. Kuhusu kofia ngumu, sikilizeni jambo hili. Tangu mwaka wa 2000 sheria ya Florida humruhusu mtu aliyepita miaka 21, mwenye bima ya matibabu ya dola 10,000, kuendesha kichwa wazi. Lakini kwenye mahema yale, kwa kawaida, asiye na kofia hapandi. Mtu aliyeitengeneza pikipiki anajua nguvu alizozitia ndani yake, ndiyo sababu hangojei kuamriwa na sheria.

Baada ya hayo waendeshaji hupewa maelezo, kisha hutoka kwa kundi. Mtumishi wa kiwanda hutangulia mbele, na mwingine hufuata nyuma ya wote. Ni marufuku kumpita kiongozi, kushindana, au kuinua gurudumu la mbele ili kujionyesha. Njia imekwisha kuchaguliwa: ina mahali panaponyoka, ina kona, ina mahali pa kusimama. Kwa kawaida safari haifiki nusu saa. Kisha hurudi, hushuka, na mwingine hupanda.

Kijana akaniuliza: "Mwalimu, dakika chache namna hiyo zamfundisha mtu nini?"

Zamfundisha mengi. Jambo la kwanza ni miguu. Pikipiki inapokwenda, magurudumu yake huisaidia kusimama wima. Inaposimama, ni miguu ya mwendeshaji inayoishika. Zile kubwa za safari ndefu hupita kilo 350. Mtu mwenye nguvu nyingi, asipofikisha nyayo chini, hawezi kuizuia ikianza kuegama.

Jambo la pili ni breki. Mkono wa kuume hushika breki ya mbele, na mguu wa kuume hukanyaga ile ya nyuma. Wengi wetu huiogopa ya mbele, wakakanyaga ya nyuma tu. Kumbe pikipiki inapozuiwa, uzito wake huegemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi. Fanyeni hesabu, enyi wanafunzi: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, katika sekunde moja pikipiki huenda karibu mita 17. Sekunde hiyo hupita wakati mtu anashtuka tu, mkono wake haujabana bado. Basi yafaa mkono uijue breki kabla ya siku ya kushtuka.

Jambo la tatu ni gia. Zamani pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia upande wa kuume na breki ya nyuma upande wa kushoto; nyingine zilikuwa kinyume chake. Mtu aliyezoea moja, akipanda nyingine, alitaka breki akapata gia! Ndiyo sababu Marekani iliamuru kwamba pikipiki mpya, tangu zile za mwaka wa 1975, ziwe na gia upande wa kushoto. Hata sasa bado kuna tofauti. Katika nyingi, gia ya kwanza hukanyagwa chini, na zinazofuata huinuliwa kwa mguu. Lakini ziko pikipiki ndogo za kazi ambazo gia zake zote hukanyagwa chini. Hayo jicho haliwezi kuyaona dukani. Mguu ndio unaoyatambua.

Hata hivyo sikutaka kijana adhani kwamba viwanda vile hufanya kazi ya huruma. Wanajua kwamba mtu akisikia injini ikinguruma chini yake, moyo wake hununua kabla ya mkono kufungua mfuko. Pikipiki iliyoletwa pale ni mpya, imefutwa vumbi asubuhi, nayo yapita juu ya lami nzuri. Haikubeba gunia la makaa, haikupanda mlima wenye matope, haikukaa miezi sita bila kubadilishiwa oili. Dakika zile hazimwambii mnunuzi bei ya mnyororo mpya, wala kama fundi wa mtaani kwake anaijua injini hiyo, wala itakunywa petroli kiasi gani kwa juma. Maswali hayo yanafaa kuulizwa kwa wale waliokwisha kuitumia mwaka mzima. Mwenye kuuza husifu. Mwenye kutumia ndiye husema kweli.

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Lakini hapa kwetu hakuna malori ya namna hiyo, wala mahema."

Nikamjibu: "Malori hayapo, lakini miguu yako unayo."

Siku ya Jumamosi tukaenda mjini pamoja. Katika duka la kwanza mwenyeji alituambia kwamba atakayelipa ndiye atakayepanda. Tukamshukuru, tukatoka. Katika duka la pili mzee mwenye duka alituruhusu kuzunguka uani, naye mwenyewe akasimama langoni. Kijana alikwenda moja kwa moja penye ile nyekundu. Akaipanda. Nikamwona anainyosha miguu, kwanza wa kuume, kisha wa kushoto, na visigino vyake vyote viwili viko hewani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia neno, lakini sikuhitaji. Alishuka mwenyewe, uso wake umebadilika, na nadhani mbele ya macho yake alikuwa anaona daraja lile na kikapu cha ndizi.

Mzee akamwonyesha nyingine, nyeusi, fupi, isiyokuwa na uzuri wowote. Kijana akaketi, nyayo zake zikakanyaga ardhi. Nami nikapanda nyuma yake, na wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu mwepesi. Tukazunguka ua mara tatu, tukasimama mara sita. Mara ya kwanza alitikisika; mara ya sita alisimama kama mti.

Je, aliinunua? Siku hiyo hapana. Nilimwuliza kama anayo hati ya kuendesha, akatazama chini. Nilimwuliza habari za kofia ngumu, akasema angeinunua baadaye, fedha zikibaki. Nikamwambia kwamba uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka wa 2008, ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa sehemu 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwani kwa sehemu 69 katika 100. Kitu kama hicho hakingojei fedha zinazobaki. Hununuliwa kwanza.

Tukarudi na bahasha. Mama yake alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo yake. Alipoona tumekuja kwa miguu akashusha pumzi, wala hakusema neno. Akaipokea bahasha, akahesabu noti moja moja, akaifungia sandukuni. Ndipo akamwuliza mwanawe:

"Hiyo uliyoipanda, ikoje?"

"Ni nyeusi, mama. Si nzuri kwa kutazama. Lakini miguu yangu yafika chini yote miwili."

Mama akafikiri kitambo. "Basi tafuta hati yako kwanza," akasema. "Na siku utakapokwenda kuichukua, ulete kofia mbili. Sokoni bado nakwenda."