Msisingizie Moto

Mtu akisimulia Coney Island, ule ufukwe wa Brooklyn uliokuwa na viwanja vitatu vikubwa vya burudani, lazima atamalizia na moto. Dreamland iliungua 1911, Luna Park ikaungua 1944; mbao, rangi na nyaya za umeme vilikuwa vikingoja cheche tu. Steeplechase, ambayo haikufa kwa moto, huwatatiza wasimuliaji, kwa hiyo wameitafutia kifo kingine cha upole: eti watu walichoka, televisheni ikaingia sebuleni, kila familia ikanunua gari. Hadithi tamu, na faida yake yote anaipata dalali wa viwanja, maana humo ndani jina lake halitajwi.

Tumwite kwanza shahidi aliyeungua. George Tilyou, mwenye Steeplechase, alikulia hapohapo ufukweni, na utotoni aliwauzia wageni mchanga na maji ya bahari. Mwaka 1897 akazungushia ua eneo lake, akaweka farasi wa kuchongwa walioteremka mbio juu ya reli, kijana na mchumba wake wakishikana juu ya farasi mmoja. Julai 1907 moto ukala karibu kila kitu. Tilyou akabandika tangazo: atajenga kubwa zaidi, na anayetaka kuingia kutazama magofu yakifuka moshi alipe senti 10. Kisha akajenga kweli, safari hii ukumbi mkubwa wa chuma na vioo ili hata siku ya mvua watu wacheze.

Sisemi palikuwa peponi. Humo ndani mwigizaji wa vichekesho aliwagusa wanaume kwa fimbo ya umeme, upepo kutoka sakafuni ukapeperusha sketi za wanawake, na waliokwisha kuaibishwa wakakaa kwenye viti kuwacheka wanaofuata. Lakini Tilyou alikuwa mtu wa mchezo. Kiwanja kwake kilikuwa mahali pa kuweka farasi.

Mwenye Dreamland alikuwa mtu wa namna nyingine. William Reynolds, seneta wa zamani wa jimbo la New York, kazi yake hasa ilikuwa ardhi. Dreamland aliifungua 1904, nyeupe pe, usiku iking'aa kwa taa za umeme, na baada ya miaka michache tembo wake walionekana Long Beach wakisaidia kujenga njia ya mbao ya ufukweni, katika mji ambao Reynolds alikuwa akiuza viwanja vyake. Usiku wa kuamkia 27 Mei 1911 mafundi walikuwa wakiziba uvujaji kwa lami ya moto ndani ya mchezo ulioitwa Lango la Jehanamu (jina hilo sikulitunga mimi). Kulipokucha hapakuwa na Dreamland. Simba mmoja alitoroka na kupigwa risasi, na wasimuliaji wanampenda simba huyo kuliko wanavyopenda hesabu. Hesabu ni hii: Tilyou aliungua akajenga, Reynolds aliungua akaondoka. Baadaye tunamkuta Manhattan akiandaa ghorofa ambalo, baada ya kuuza mradi huo, liliitwa Chrysler Building.

Luna Park nayo iliungua nusu tu mwaka 1944. Haikufufuliwa, na mahali pake leo pamesimama majengo marefu ya makazi yenye jina lake. Kufikia hapo ufukwe ulikuwa chini ya Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji, ambaye hakuficha kwamba vibanda na kelele za Coney Island vilimchukiza.

Tuje kwenye hilo la kuchoka. Ni kweli kwamba Steeplechase ilipofunga milango Septemba 1964 wateja walikuwa wamepungua na mtaa umechakaa. Lakini Cyclone, gari la reli la kupanda na kuporomoka lililojengwa 1927, bado linawapigisha watu mayowe, na gurudumu la Wonder Wheel la 1920 bado linazunguka. Televisheni ilikuwa ileile na magari yaleyale. Mbona hivyo havikufa?

Mwaka 1965 eneo la Steeplechase lilinunuliwa na Fred Trump, mjenzi wa nyumba za kupangisha na baba wa yule aliyekuja kuwa rais. Alitaka ghorofa za makazi, ingawa mipango ya jiji ilikuwa imeitenga sehemu hiyo kwa burudani. Mwaka huohuo jiji lilipitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Septemba 1966, ukumbi ule wa vioo ukiwa bado haujalindwa, Trump akafanya sherehe ya kuubomoa. Wasichana wa nguo za kuogelea walipigwa picha, na wageni wakaalikwa kurusha matofali kwenye vioo vyenye sura ileile ya kucheka, meno nje, iliyokuwa nembo ya Tilyou.

Kibali cha ghorofa hakikutoka. Kiwanja kikaishia mikononi mwa jiji, kikakaa kwa miongo bila chochote cha maana hadi ulipofunguliwa uwanja wa besiboli mwaka 2001. Kando yake umesimama mnara wa parachuti wa Steeplechase, wenye kimo cha mita 76, ambao haujarusha mtu tangu miaka ya sitini.