Adui wa Kupigana Naye na Adui wa Kumpisha

Likizo imeingia, na katika nyumba nyingi mlio wa panga na ngurumo za mazimwi husikika tangu alasiri hadi baada ya Isha. Akina mama kadhaa wameuliza kuhusu michezo ya video ambayo watoto huicheza wiki nzima wasiimalize. Ndani yake mchezaji hupewa mtu wake, akamvisha na kumpa silaha, kisha akaachiwa nchi nzima ya kutembea, yenye milima, mito, miji na maadui, pasi na mtu wa kumwambia aanzie wapi. Wanauliza: mtoto anayeshinda akipigana na viumbe wa kubuni anajifunza nini? Swali ni la haki, lakini aghalabu tunamtazama mtoto pale anapopiga. Mtazame anapokimbia.

Chukua mchezo uitwao The Legend of Zelda: Breath of the Wild, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2017. Huko Ulaya umewekewa alama ya umri wa miaka 12. (Mingine nitakayoitaja ina alama ya 16 au 18, na mzazi asiyatazame maelezo yangu kama ruhusa.) Shujaa wake, Link, huanza safari akiwa hana kitu. Maadui wa kawaida huitwa Bokoblin, nao hukaa kambini wakizunguka moto. Wenye rangi nyekundu ni dhaifu, wa buluu wana nguvu zaidi, weusi huwazidi hao, na wa rangi ya fedha ni wagumu kupita hao. Mtoto aliyekwisha kuuzoea mchezo haingii kambini moja kwa moja. Atapanda kilima kwanza, achuchumae, ahesabu vichwa na rangi, atazame nani ameshika upinde na nani amelala, ndipo aamue.

Jambo linalonipendeza zaidi ni kuwa silaha katika mchezo huu huvunjika. Upanga ulioupata kwa taabu utapiga mapigo kadhaa, kisha utapasuka mkononi. Kwa hiyo kila pigano lina bei yake. Ukivunja panga mbili nzuri ili upate rungu moja la mti na nyama kidogo, umeshinda vita na umepata hasara, na mtoto wa miaka 12 hulitambua hilo upesi kuliko baadhi ya watu wazima wanaokwenda mahakamani kwa ajili ya kipande cha ua. Tena, mara kwa mara mwezi huchomoza ukiwa mwekundu, na maadui wote uliowaua hurudi pale pale walipokuwa. Njia uliyoisafisha kwa jasho haibaki safi. Mchezaji hulazimika kujiuliza si kama anaweza kumshinda huyu tu, bali pia kama kuna haja.

Si kila aliye mkubwa ni adui, vilevile. Katika Skyrim, mchezo wa Marekani wa mwaka 2011, majitu marefu huchunga ndovu wenye manyoya nyikani, na moto wa kambi zao huonekana kwa mbali. Jitu halimgusi apitaye na njia yake. Ukilisogelea, hukuonya kwanza. Ukikaidi, rungu lake moja hukurusha angani hadi miguu yako isionekane. Watoto hucheka sana hapo. Lakini baada ya kicheko, hujifunza kupita mbali.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Fallout: New Vegas wa mwaka 2010, ambao hadithi yake iko katika jangwa la Mojave, Marekani, baada ya vita vilivyoiangamiza dunia. (Huu ni wa watu wazima, nautaja kwa ajili ya ramani yake.) Unaanza katika kijiji cha Goodsprings, na upande wa kaskazini unaziona taa za mji unaoutaka. Njia iliyonyooka ni fupi mno. Walioutunga mchezo hawakuifunga kwa ukuta wala kwa amri. Waliweka upande mmoja nyigu wakubwa wenye sumu ya kuua, na upande wa pili, penye machimbo ya mawe, mazimwi yenye makucha yaitwayo Deathclaw. Wafanyakazi wa kambi ya Sloan, iliyo karibu na machimbo hayo, hukuonya. Asiyesikia hufa kwa mapigo mawili matatu. Anayesikia huzunguka kusini kupitia Primm, Nipton na Novac, safari ndefu, naye hufika mjini akiwa na silaha, marafiki na maarifa ambayo asingeyapata katika njia ya mkato. Na kwa wasomaji wa Kenya kuna jambo la kuchekesha: katika masimulizi ya mchezo huo, zimwi lile la kutisha asili yake kubwa ni kinyonga wa Jackson, yule mwenye pembe tatu anayepatikana katika milima yetu ya bara.

Iko michezo inayomnyima mchezaji uamuzi huu. Oblivion, uliotangulia Skyrim mwaka 2006, ulijulikana kwa maadui wanaokua kadiri mchezaji anavyokua. Ukiwa dhaifu, nao ni dhaifu; ukipata nguvu, nao wanazo. Matokeo yake, mwishoni unakutana na jambazi wa njiani amevaa deraya ya thamani kubwa, naye anakudai vipande 100 vya dhahabu, kana kwamba hajui kuwa angeiuza nguo yake akastarehe. Wachezaji wengi walililalamikia jambo hilo, nami naona walikuwa na haki. Pasipo na adui wa kumwogopa hapana haja ya kutazama, kupima wala kusubiri. Kinachobaki ni kubonyeza vifungo. Ikiwa umeombwa ununue mchezo wa namna hii, baada ya kutazama alama ya umri, muulize muuzaji au kijana anayeujua: je, kuna mahali ambapo mgeni akiingia mapema hana budi kukimbia? Akijibu ndiyo, mchezo huo una akili.

Hata hivyo, mchezo wenye akili huharibiwa na wanaotazama. Elden Ring, wa mwaka 2022, kutoka Japani pia, humtoa mchezaji katika mlango wa kwanza na papo hapo akamwona mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu akizunguka njiani. Huyo hakuwekwa pale ili apigwe na mgeni. Amewekwa ili aonekane, apishwe, na arudiwe siku nyingine. Ukifa mchezoni humo, mali uliyochuma hubaki ulipoangukia. Ukifa tena kabla ya kuirejea, imepotea. Mchezaji aliye peke yake huzunguka vichakani akaenda zake. Lakini weka nyuma yake kaka zake wawili na mtoto wa jirani wakipiga kelele, "Mwoga! Mwoga huyo!" Atarudi barabarani mara 20, na kila mara atalala chini. Hapo hampimi tena yule mpanda farasi. Anapima aibu.

Wazee wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na hawakusema hivyo kwa kudharau ushujaa. Kijana anayezomewa sebuleni kwa kuwa ameepuka pigano la kubuni ndiye huyo huyo atakayezomewa kesho kwenye kona ya mtaa, ambapo visu si vya kubuni na hakuna kuanza upya. Sidai kuwa mchezo utamfunza ujasiri au busara, sidhani hivyo. Ninachodai ni kuwa sauti ya nyumbani wakati anapocheza humfunza. Mama anayesema, "Hebu nieleze, mwanangu, mbona huyu umemwacha?" atapata jibu refu kuliko anavyotarajia, lenye hesabu ya silaha, dawa na umbali. Na akina dada wakubwa wasiachwe nje ya mazungumzo hayo, maana katika nyumba nyingi wao ndio wachezaji wenye subira, ila hawapewi zamu.

Nirudi kwa Link. Kuna mahali katika safari yake ambapo watu wa majini, Wazora, humwomba awaletee mishale 20 ya umeme kutoka mlima Ploymus, kwa kuwa wao umeme huwadhuru hata kwa kuugusa. Huelezwa mapema kuwa kule juu anaishi Lynel, mnyama mwenye kiwiliwili cha farasi na kichwa cha simba, hodari wa upanga na upinde. Wachezaji wengi hufika wakidhani lazima wamuue. Lakini ombi lilikuwa la mishale tu, nayo imechomekwa katika mashina ya miti na ardhini, kila upande. Lynel akihisi kitu, husimama na kukodoa macho kwa muda kabla ya kuvuta upinde, na muda huo unatosha kujibanza nyuma ya jiwe. Mwenye subira hutambaa, akang'oa mmoja mmoja huku akihesabu, na akitimiza 20 hufungua kitambaa chake cha kupaa, mfano wa tiara kubwa, akajirusha kutoka kileleni hadi ziwani, ambako Sidon, mwana wa mfalme wa Wazora, anamngoja. Lynel yu kule juu bado, akizunguka katika majani yake.