Je, Kosa ni la Wenzake?

Manga ninayotaka kuieleza si ile Manga ya Arabuni walikotoka wenye majahazi. Hili ni neno la Kijapani, maana yake hadithi zinazosimuliwa kwa picha. Ziko nyingi ajabu, na wazee wengi hudhani kwamba zote ni za kupoteza wakati. Nataka kuitetea moja, nayo kwa kifupi yaitwa WataMote. Ilianza kutolewa nchini Japani mwaka 2011, na mtungaji wake hujiita Nico Tanigawa, ingawa kwa kweli ni watu wawili, mmoja wa maneno na mmoja wa picha. Jina lake refu lina maana ya kwamba, hata nikifikiri vipi, kutopendwa kwangu ni kosa lenu ninyi.

Anayesema hivyo ni Kuroki Tomoko, msichana wa sekondari. Alikuwa amecheza mno michezo ya kompyuta inayohusu uchumba, akaamini kwamba akiingia shule mpya atapendwa na kila mtu. Miezi miwili yapita, na karibu hajasema na mtu darasani. Akisemeshwa na mwalimu, sauti yamkwama kooni.

Wasomaji wengi humhurumia na kulilaumu darasa. Mimi siafiki. Wenzake hawakumpiga wala kumfukuza, hawakumwona tu. Naye kwa upande wake alikaa akiwadharau kimoyomoyo, huyu mpumbavu, yule hana adabu, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Ndani ya haya zake mlikuwa na majivuno. Jambo hili sijaliona likisemwa wazi katika vitabu tunavyopewa, ambamo mtoto mpweke huwa mwema siku zote na wabaya huwa ni wengine.

Mwaka wa pili ikaja safari ya shule kwenda Kyoto. Wanafunzi walijipanga kwa urafiki, na waliobaki wakakusanywa kundi moja. Tomoko akawa miongoni mwao, tena akafanywa kiongozi. Alikuwamo Yoshida, ambaye Tomoko alimwogopa kwa kumdhani mhuni, na Tamura Yuri, mnyamavu, ambaye rafiki yake alikuwa amekwenda kundi jingine. Safari ilikuwa ya mabishano kuliko furaha, lakini waliporudi walikuwa na la kusemezana. Baadaye yajulikana kwamba hata Nemoto Hina, mwenye marafiki tele, alikuwa akiwaficha kuwa apenda katuni na ataka kuwa mwigizaji wa sauti.

Yatazameni haya, walimu wetu. Mkituambia tujichagulie wenzi wa maabara au wa safari, wanaobaki mwisho huwa ni walewale, na darasa zima huwaona wakibaki. Afadhali mwalimu apange mwenyewe, na mara nyingine ampe uongozi yule asiyetazamiwa. Najua wenzangu watanichukia kwa maneno haya, maana kila mtu ataka kukaa na rafikiye.

Sisemi kwamba manga hii haina ila. Mizaha yake mingine ni ya aibu, haifai kwa wadogo, na sura za mwanzo zaumiza kuliko kuchekesha. Tena kuanzia mwaka wa tatu watu wamekuwa wengi hata msomaji husahau nani ni nani. Lakini mzazi atakayemkuta mwanawe akiisoma, asimnyang'anye upesi. Amwombe amwonyeshe sura za Kyoto, kisha amwulize yeye hukaa na nani wakati wa chakula.