Jembe lisiwe mlango wa kuingia mu koperative



Mvua inakaribia, na komite nyingi ziko zinaandika majina ya wale watakaopata mbegu za mahindi na karanga. Ni wakati mzuri wa kuuliza: mu liste ile, watu wenye ulemavu wako wangapi? Mara nyingi hakuna hata mmoja. Ukiuliza sababu, watu wanasemaka: "Ule atalima na nini?"

Mimi naona jibu hilo ni baya mbele ya sheria, na ni baya kwa kilimo vilevile.

Tuanze na sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo iliingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kisha tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003, ya kulinda na kuinua mtu anayeishi na ulemavu. Basi si mambo ya huruma tena, ni haki.

Koperative nazo ziko na sheria yao, ile ya OHADA iliyopitishwa Lomé mwezi wa Desemba 2010. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012. Kifungu cha 6 kinasema kuingia mu koperative ni kwa hiari na ni wazi kwa wote. Kinakataza kubagua mtu juu ya kuwa mwanaume ao mwanamke, juu ya kabila, dini ao siasa. Ulemavu hakikuutaja. Lakini prezidenti wa komite asishike hapo: "wote" ni wote, na sheria ya 2022 imeziba kitundu kile.

Ni kweli, hakuna komite inayoandika mu statuti yake kwamba kilema haingii. Ubaguzi unapitiaka kwingine. Wanasema: kila mwanachama aje salongo na jembe lake, asiyekuja alipe faini, asiyelipa afutwe. Kanuni ni moja kwa wote, inaonekana ya haki. Lakini mama asiyeweza kusimama ameshafutwa mbele hajaandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaita jambo hilo kwa jina lake: kukataa kurekebisha kanuni, wakati unaweza kurekebisha bila mzigo mkubwa, ni ubaguzi.

Sasa kilimo. Je, salongo ni kulima tu? Mbegu za karanga zinachambuliwa moja-moja kabla ya kupanda, na mbegu mbovu ikipita, mstari mzima unabaki na mashimo. Vijiti vya muhogo vinachaguliwa na kukatwa. Mahindi yanapukuchuliwa. Depo inalindwa, mizani inasomwa, daftari la kilo linaandikwa. Kazi hizo zote mtu anazifanya akiwa amekaa. Kipofu anatambua kwa vidole mbegu iliyotobolewa na wadudu. Na koperative ngapi zimepata hasara, si juu ya kukosa majembe, ila juu ya daftari bovu?

Wengine watasema: koperative si nyumba ya msaada, asiyelima atabebwa na wenzake. Hoja hiyo ina uzito, hatutaki mtu agawiwe bure. Lakini koperative inalipa kwa kilo zilizofika kwenye mizani. Haiulizi nani alishika jembe. Mtu ambaye shamba lake linalimwa na watoto wake, yeye akipanga na kuuza, ni mkulima sawa na wengine. Angalieni wafanyabiashara wenye ulemavu wa Kinshasa: walipopunguziwa bei ya kuvuka mto kwenda Brazzaville, wengi wakawa wachuuzi wakubwa pale Beach Ngobila, na kinga zao za miguu mitatu zikibeba mizigo.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Haut-Lomami. Mwaka 2017 polio ilipita mu jimbo letu na kulemaza miguu ya watoto. Watoto wale wanakuwa wakubwa. Kesho watakuja kuomba kuingia mu koperative. Tutawaambia ni bulozi? Hapana, ilikuwa virusi, na hawana kosa.

Mbele ya kufunga liste, komite zifanye mambo matatu. Kwanza, zibadilishe kanuni ya salongo: kila mtu adaiwe siku za kazi, si siku za jembe, na mkutano mkuu uandike kazi zinazohesabiwa. Pili, mkutano ufanyike mahali mtu wa fimbo ao wa kinga anaweza kufika, na kiziwi aje na ndugu wa kumfasiria. Tatu, mbegu na franka za mwanachama zitiwe mu mkono wake mwenyewe, atie kidole mwenyewe, si mkubwa wake kwa niaba yake.

Mashirika ya msaada nayo yasikwepe. Mradi unaohesabu "watu wenye nguvu" peke yao unafundisha komite kufanya vilevile.

Sheria iko Kinshasa, lakini liste iko mu mikono yenu. Ifungueni tena mara moja, mvua haijaanza bado.